Sikio Bichi

Kling, kling, kling. Kijiko kiligonga kikombe upande wa pili wa ukuta, nami nikajua jirani ameamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa kwanza, na huku kaskazini mwa Uswidi jua la mwezi huo halina haraka. Linachungulia saa tatu na ushei, na mchana haujakolea linaaga. Nilikuwa jikoni nimejifunga kitenge juu ya sweta, nachemsha tangawizi, taa sijawasha. Juu ya jiko langu kuna tundu la kutolea mvuke. Tundu hilo na lile la jirani yanakutana ndani ya ukuta, na kwa njia hiyo, tangu ahamie, kila asubuhi nililetewa harufu ya samaki wa kukaanga na sauti ya mwanamke nisiyemjua uso.

Anakunywa chai, halafu anaanza kazi.

"Yyyy," ulisema ukuta. "Yyyy. Y."

Waswidi wana irabu tisa, na kila moja ina sura mbili, ndefu na fupi, kama mama na mtoto wake. Ukimwita mama kwa jina la mtoto, hawakuelewi. Halafu maneno yao yana kupanda na kushuka, kama njia za kwetu Usangi, milimani Upareni: unadhani umefika, kumbe kuna kilima kingine. Sisi tumezoea kukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno, bila wasiwasi. Nilipokuja huku kumfuata binti yangu nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na ulimi wangu uliteseka. Kwa hiyo nilimwelewa huyu wa ukutani.

"Midomo mbele, mwanangu," nilisema, lakini moyoni. "Kama unapuliza moto wa kuni huku unamtabasamia mgeni."

Kwa sauti sikuthubutu. Mimi ni msikilizaji wa serikali, na msikilizaji hutunza sikio lake kama maziwa yanavyotunzwa. Usiliache wazi, usitie mkono. Sikio bichi, ndivyo wanavyoliita: sikio ambalo halijazoea. Kwa ajili hiyo miaka mitatu sikwenda harusini, wala kwenye ibada ya Kiswahili pale kanisani, wala msibani, Mungu anisamehe. Watu wetu wanaongea Kiswidi kwa namna inayofanana, na sikio likimzoea mmoja limewazoea nusu ya wote.

Taulo la kuziba tundu lilikuwa pale mezani, limekunjwa vizuri. Kila asubuhi nililitazama, na kila asubuhi nilisema kesho. Watahiniwa wangu hutoka miji ya mbali, nilijiambia. Huyu hatanifikia.

Simu yake ikalia.

"Yaya!" alisema, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ya ziwa, cha Fizi. "Ndiyo, ni leo. Usiniulize kama nimelala."

Dada yake, huyo Yaya, alikuwa kwenye spika. "Na yule mzee wako?"

"Mzee Sixten? Anajua. Amesema mashine ya kulea ikiingia kwa mlango, yeye anatokea kwa dirisha."

"Anakaa chini?"

"Ghorofa ya tatu!"

Walicheka wote wawili, nami nikacheka na kijiko changu mkononi.

"Lakini si mchezo, Yaya. Nikianguka leo, Jumatatu wanamletea hiyo mashine. Mimi narudi kule kwenye kiwanda cha samaki. Mzee yule hakuli kama hakuna mtu wa kubishana naye. Atakufa kwa kunyamaza."

"Wabiwa, utafaulu. Mdomo hukuanza jana."

Sikupaswa kulijua jina lake. Nikachukua taulo, nikapanda kigoda, nikaziba tundu. Nilichelewa sana, lakini niliziba.

Nilipotaka kutoka nilingoja nyuma ya mlango mpaka viatu vyake viteremke ngazi zote za nje. Nje barafu ilikuwa inang'aa kama sahani, ila mbele ya kizingiti changu palikuwa pamemwagwa mchanga, pana kiasi cha hatua za mtu mzee. Tangu ahamie, asubuhi zote ulikuwapo. Nilikuwa najua ni nani, nami sikuwahi kumwambia asante.

*

Chumba cha kusikilizia kiko maktaba, nyuma ya rafu za vitabu vya watoto. Msimamizi wetu ni Torgny, mtu wa makamo mwenye ndevu nyekundu. Waswidi wote wanaitana majina matupu, hata mtoto na mwalimu. Mimi nimeshindwa, namwita Bwana Torgny, naye huwa anageuka kutazama kama baba yake amesimama nyuma.

"Habari za asubuhi, Namsifu. Mgongo?"

"Mgongo upo, Bwana Torgny. Haujaondoka."

Aliniwekea mto kitini. Kisha akachukua punje, kile kidude cha kubandika nyuma ya sikio, kidogo kama harage. Punje huwa ya baridi mno. Yeye huifumbata kwanza kiganjani mpaka ipate joto, ndipo anakubandika. Hakuna aliyemwagiza.

Zamani, kabla ya punje, mashine zenyewe ndizo zilizopima usemaji wa wageni. Zilihesabu silabi, zikapima ukimya kati ya neno na neno, zikalinganisha kila irabu na irabu iliyorekodiwa. Watu wakajifunza kuzidanganya. Walimwaga maneno kama mvua juu ya bati, bila kituo, mashine ikawapa alama za juu, halafu wakienda kazini mgonjwa haambulii kitu. Wengine waliongea polepole, wakaeleweka mpaka na watoto, na mashine ikawaangusha. Ndipo sheria ikabadilishwa. Sasa haupimwi mdomo, anapimwa anayeusikiliza. Punje inasoma kichwa chako kinavyohangaika kuelewa, na kuhangaika huko kunachorwa kama mstari kwenye kioo. Ukitoka jasho la akili, mstari unapanda. Ukielewa kwa raha, unashuka. Mstari ukimaliza chini ya alama ya kijani, mtahiniwa amefaulu, anapewa leseni ya kazi.

Uzuri wake ni kwamba msikilizaji hawezi kudanganya. Hata umchukie mtu, kichwa kikimwelewa kimemwelewa. Ubaya wake ni mmoja tu: kichwa huzoea. Ndiyo maana mbele yetu kuna kitufe chekundu. Ukiitambua sauti, bonyeza.

"Wa kwanza yuko mji wa pwani kule," alisema Torgny. "Ndivyo mtambo unavyosema. Uko tayari?"

"Niko tayari."

Akatoka, akafunga mlango. Spika ikakwaruza.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti kwa Kiswidi. "Mimi natunza wazee."

Ilikuwa sauti ya tunduni. Baadaye ndipo nilipoelewa: alikuwa amehama, na mtambo ulidhani bado anakaa alikotoka. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba mkono wangu ulipaswa kwenda kwenye kitufe.

Haukwenda.

Nilitazama mstari. Ulianza juu kama kawaida, halafu ukashuka. Ukashuka tena! Alikuwa anaeleza picha ya soko, na kila irabu yake niliijua kabla haijafika. Pale alipokanyaga silabi isiyotakiwa, sikio langu lilimsogezea mguu lenyewe. Sikutoka jasho hata tone. Mstari ulipita alama ya kijani ukaenda kulala chini kabisa, mahali ambapo sijawahi kuuona ukienda, na mimi bibi mzima nilitaka kupiga vigelegele.

Simjui, nilijiambia. Nimesikia sauti, uso sijauona. Kitufe kinasema sauti, nilijijibu. Lakini mzee wa watu na dirisha lake? Lakini mchanga wa mlangoni?

Hapo ndipo alipokohoa. Kikohozi kikavu cha baridi, mara moja, mara mbili.

"Pole!" nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sisi tumelelewa hivyo, mtu akikohoa huwezi kukaa kimya kama gogo.

"Asante, mama," alijibu, akaendelea na soko lake. Kisha akakatika katikati ya neno. Jibu lake nilikuwa nimelisikia mara mbili, kwenye spika na kupitia ukuta wa mbao. "Eh! Nani huyo? Kuna Mswahili humo?"

Hakuwa mji wa pwani. Alikuwa chumba cha pili.

*

Torgny aliingia akakaa ukingoni mwa meza. Hakunikaripia.

"Umesema neno."

"Nimesema pole. Ni neno la kumpa mtu anayekohoa."

"Ni neno zuri." Alikuna ndevu. "Namsifu, nimeuona mstari. Amefaulu, na amefaulu vizuri. Nafahamu pia habari za Jumatatu, maana Sixten alikuwa jirani wa mama yangu. Neno lako moja naweza kulikata. Sekunde moja tu. Wewe ungesema hukuitambua sauti, mimi ningepiga mhuri, na sote twende tukanywe kahawa."

Alisema hivyo akitazama sakafu, masikio yamemwiva. Yule ni mtu asiyevuka barabara taa ikiwa nyekundu hata kama hakuna gari mpaka Ufini. Nilijua ni kitu gani alikuwa ananipa, na nilimpenda kwa hilo.

Nikafumba macho. Nilimwona mzee wa ghorofa ya tatu. Kisha nikawaona wengine, bila kutaka. Yule Mwafghani aliyeomba msamaha baada ya kila sentensi. Yule mama aliyekuwa ameacha mtoto mchanga nje ya chumba, tukamsikia analia. Mistari yao ilikataa kushuka, nikawaacha waanguke, nikasema sikio halidanganyi. Kwao sikuwa jirani. Hawakuwa wamenimwagia mchanga mlangoni kwa sababu walikuwa mbali, si kwa sababu hawakuwa na mkono. Na leseni si ya Mzee Sixten peke yake. Kesho Wabiwa ataambiwa ampe dawa mgonjwa ambaye hajawahi kumsikia akifanya mazoezi asubuhi. Kama huyo hataelewa nusu ya kidonge, atameza kizima.

"Sheria inasemaje nikibonyeza sasa?" niliuliza.

"Kabla ya mhuri? Anapimwa upya leo leo, kwa sikio la akiba. Lakini mara moja tu. Akianguka, ni mpaka vuli."

"Na sikio la akiba ni la nani?"

Torgny alifanya uso wa mtu aliyeuma limau. "Ragnhild."

Nilimsikia akitajwa mara nyingi. Mjane, anakaa peke yake kwenye kisiwa cha mawe, kusini kabisa ya nchi hii. Wasikilizaji wenyewe wanasema ana sikio gumu kuliko mawe yake.

Nikabonyeza. Kitufe kilitoa mlio mdogo, mpole, kama ndege wa saa ya ukutani.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu kabla Torgny hajauendea. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka thelathini hivi, koti limefungwa vifungo vya kupishana, machozi tayari yako njiani.

"Mtambo umeniambia mtihani umefutwa. Kwa nini umefutwa?" aliuliza kwa Kiswidi. Kisha akaniona, akageukia Kiswahili. "Ni wewe? Wewe ndiye ulinipa pole?"

"Ni mimi, mwanangu. Nakaa mlango wa kijani, karibu na wako. Nilikuwa nakusikia kila asubuhi jikoni. Sikio lililokuzoea haliruhusiwi kukupima."

"Mlango wa kijani?" Alishika kiuno. "Ule usiofunguka? Mimi nikasema humo anakaa mchawi! Nikamwaga mchanga ili mchawi asianguke, asije akasema ni mimi nilimroga!"

Sikujizuia, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Bibi, niambie kweli. Kwa sikio lako nilikuwa nimefaulu?"

"Ndiyo. Chini kabisa ya alama."

"Halafu ukabonyeza."

"Nikabonyeza."

Torgny, ambaye hakuelewa hata neno, alitazama kalamu yake. Nilitamani Wabiwa anitukane, lingekuwa jepesi zaidi.

"Una roho ngumu, bibi."

"Nisikilize. Nimewaangusha watu kwa sikio hili. Nikikupitisha wewe kwa ujirani, wale niliwaonea. Utapimwa tena sasa hivi, kwa sikio la mwingine."

Akapangusa pua kwa kiganja. Nilimpa leso. Aliipokea kwa mikono miwili, katika hasira ile ile alikumbuka kupokea kwa mikono miwili.

"Basi hutatoka humu," alisema. "Umeniingiza shimoni, utakaa na mimi shimoni. Nishike mkono."

*

Torgny alinibandua punje, akaandika kwamba sikio langu halitapima tena mdomo wa Kiswahili. Sikuhuzunika kama nilivyotegemea. Nilivuta kiti changu mpaka chumba cha pili, nikaushika mkono wa Wabiwa. Ulikuwa baridi na una mikwaruzo ya kazi.

Taa ndogo ikawaka. Huko kusini, Ragnhild alikuwa ameshavaa punje yake. Yeye hutusikia, sisi hatumsikii.

"Eleza jinsi ya kufanya jambo unalolijua vizuri," alisoma Torgny.

"Jambo..." alisema Wabiwa, na mstari ukapanda kama moshi. "Mimi najua... kupika. Unachukua..."

Alikanyaga kila silabi pasipotakiwa. Mstari ulifika juu ya kioo, ukabaki huko. Nilitaka kusema, nikauma ulimi. Nilichoweza ni kuufinya mkono wake.

Akavuta pumzi. Akaanza upya, polepole.

"Nitaeleza jinsi ya kumvalisha soksi mtu mzima asiyetaka soksi."

Mstari ulisita.

"Kwanza unaweka soksi juu ya bomba la joto, zipate moto. Halafu usimwambie kuhusu soksi. Moja unavaa wewe, mkononi, hivi." Alinyanyua mkono niliokuwa nimeushika, wangu ukaenda juu pamoja nao. "Vidole ndiyo mdomo. Soksi inauliza mguu: Habari za asubuhi, bwana Mguu, umelalaje? Lakini soksi yangu ni mgeni nchini, inasema vibaya. Basi Mzee anakasirika! Anasema hapana, hapana, si hivyo, y yako imelala, inyanyue. Anaifundisha soksi. Soksi inarudia. Anaifundisha tena. Na wakati anaifundisha soksi ya kushoto, mimi kwa mkono mwingine navalisha ya kulia."

Torgny alitoa mlio puani. Mstari ulikuwa unateremka, si kwa kuanguka kama kwangu, bali hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka kilima chenye utelezi na kupima kila jiwe. Irabu zake hazikuwa zote sawa. Nyingine zilitoka fupi, nyingine alizirudia. Alipumzika mahali pa kupumzika. Nilitega sikio kama mgeni, nikashindwa, nikabaki kutazama kioo tu.

Ukaigusa alama ya kijani. Ukapanda kidogo juu yake. Mkono wangu ukamfinya mpaka akaguna.

"Lakini jana," alisema Wabiwa, akasogea mbele kitini kana kwamba hapo mbele kuna mtu, "jana soksi ilisema vizuri. Kila neno. Habari za asubuhi, bwana Mguu. Mzee alifungua mdomo asahihishe, akakosa cha kusahihisha. Akakaa kimya. Mimi nikaogopa, nikasema sasa nimeharibu, mchezo umekwisha. Mguu wa kulia ulikuwa umeshavaa. Wa kushoto akaurudisha chini ya blanketi. Akanitazama, halafu akaniambia..."

Kengele ililia. Muda ulikuwa umekwisha.

Mstari uliendelea kujichora peke yake kidogo, kama baiskeli iliyoachwa kukanyagwa, ukashuka, ukasimama chini ya alama ya kijani. Si mbali nayo, upana wa kucha yangu tu.

Torgny aliinama kwenye kioo mara mbili. Kisha akachukua mhuri, akaupiga mezani kwa nguvu mpaka kikombe chake kikaruka.

"Amefaulu," alisema. "Kwa Ragnhild!"

Wabiwa alinikumbatia, sote wawili nusura tuanguke na kiti. Nilipiga vigelegele ndani ya maktaba ya Waswidi. Nyuma ya rafu mtoto mmoja alivijibu, na hakuna aliyetunyamazisha.

Katikati ya kelele hizo spika ilikwaruza. Torgny aliinua mkono, sote tukatulia, maana upande ule haupaswi kusema.

"Akamwambia nini?" iliuliza sauti. Ilikuwa sauti ya kike, nzee, yenye lafudhi ya kusini ambayo hata Torgny alikunja uso kuielewa. "Huyo Mzee. Akamwambia nini?"

"Ragnhild," alisema Torgny, "hairuhusiwi. Msikilizaji hazungumzi na mtahiniwa."

"Umepiga mhuri, nimeusikia. Si mtahiniwa tena."

"Lakini ukimzoea, sikio lako halitaweza kumpima siku nyingine."

"Apimwe kwa ajili ya nini, kijana? Si amefaulu?" Tulisikia upepo wa huko kwake ukigonga kitu. Alipoendelea, sauti ilikuwa imepungua ugumu. "Miaka yote hii nasikiliza watu. Wananianzia habari zao, kengele inalia, wanaondoka. Mwambie huyo msichana mimi nipo jioni zote. Anitembelee tena, hata kwa njia hii ya waya. Aje, na aje na huo mguu wa kushoto."